Nzomo Alivyozima Kisima cha Matinyani

Nimechoka kusikia watu wakisema Nzomo alikuwa mtu mbishi. Mbishi ni yule anayebishana mpaka ashinde. Nzomo hakubishana na mtu. Ukimwambia jambo asilokubaliana nalo, alinyamaza, akafunga kufuli, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati na kuketi chini. Wanaomwita mbishi ni wale waliokuwa wanautaka huo ufunguo. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena nilikuwa mstari wa mbele, kwa hiyo nina haki ya kusimulia kuliko wengi wanaoropoka sokoni.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa upande wa Kibwezi, na mwaka wa 1966, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliandikwa kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo za stima kando ya barabara ya Mombasa. Nyapara wao alikuwa mtu wa pwani, jina lake Shee, mzee mkali asiyependa mchezo. Karibu na Mtito Andei, wakati wa kiangazi, punda watatu wa mtu mmoja walikutwa wamekufa chini ya nguzo. Hakuna waya uliokuwa umekatika. Hakuna punda aliyegusa kitu. Wachimbaji wote wakasema hapo pana mkono wa mtu, na wawili kati yao walirudi kwao siku hiyo hiyo bila kuaga.

Shee hakukimbia. Alizima stima, akamwita Nzomo na kumwambia afukue pale ambapo waya mmoja unashuka kutoka juu ya nguzo na kuingia ardhini. Chini kulikuwa na fimbo ya chuma iliyopigiliwa kwenda chini. Mchanga ulikuwa umekauka na kunywea, ukaachana na chuma, hata Nzomo aliweza kuingiza kidole katikati. Shee akamweleza kwamba stima ikipotea njia huko juu, huo waya ndio unaoipeleka ardhini, na fyuzi inakatika hapo hapo. Ardhi ikiwa kavu hivyo, inakataa kuipokea. Basi stima inatapakaa juu ya ardhi ikitafuta pa kupitia, na mnyama mwenye miguu minne, mbele huku na nyuma kule, inampitia yeye.

Nzomo aliniambia kwamba siku hiyo aliacha kuogopa waya za juu. Kila mtu anaziogopa hizo, alisema, kwa hiyo zina walinzi wa kutosha. Uliokosa mlinzi ni ule wa chini.

Akapanda cheo. Kufikia mwaka wa 1974 alikuwa fundi kamili, akaletwa Kitui na kupewa laini inayokuja hadi kwetu Matinyani. Sisi tulimwona kama kichekesho. Alikuwa anapita nguzo kwa nguzo kwa miguu, akiigonga kila moja kwa nyundo na kuweka sikio, maana mchwa hula nguzo kwa ndani na nje inabaki nzuri kabisa. Alikata matawi yaliyokaribia waya hata kama ni ya mti wa chifu. Kiangazi kikiingia alikuja na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, akapigilia vichuma viwili ardhini, akakizungusha na kusoma namba, ambayo ikiwa ndogo maana yake ardhi inaipokea stima vizuri. Kisha aliandika namba hiyo na tarehe kwenye nguzo kwa rangi nyeupe, kila mtu aone. Tisa ilikuwa nzuri. Kumi na tano ilimnyima raha. Vijana walimwita daktari wa mchanga. Nami nilicheka. Nilikuwa na meno yangu yote wakati huo na nilipenda kuyaonyesha.

Sasa njoo mwaka wa 1984. Aliyekuwa hai Ukambani mwaka ule hahitaji kuelezwa. Mvua ya Novemba iliyotangulia haikuwa mvua, na ile ya Machi haikuja kabisa. Tulikula mahindi ya njano ya msaada, tukayalaani huku tukiyatafuna. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Kupata maji pale ulichimba shimo ukaingia mpaka kiunoni, ukakaa kungoja yajikusanye kikombe kwa kikombe. Tulichokuwa nacho ni kisima kimoja kirefu karibu na soko, kilichochimbwa kwa mashine, na pampu yake ilikuwa ya stima. Nje ya kibanda cha pampu palikuwa na bomba la chuma, na kwenye bomba hilo ndipo sisi wanawake tulipokuwa tukipanga mitungi tangu alfajiri.

Mwenye kupanga foleni nilikuwa mimi, Kaluki, mke wa Mulei, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Sikuchaguliwa kwa upole wangu.

Mwezi wa nane bomba lilianza kuuma. Sina neno lingine. Unashika chuma ili ufungue, na mkono unashtuka hadi kwenye kiwiko. Wa kwanza alikuwa Mutindi, mke mdogo wa jirani yangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliruka, akaangusha mtungi, na mama mmoja akamuuliza amefanya nini. Hakuuliza bomba limefanya nini, aliuliza Mutindi amefanya nini! Kwa sababu wengine walishika bomba lile lile na halikuwauma. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imekubalika kote kwamba bomba lile linajua waovu. Mwanamke akiruka, wengine waliguna na kutazamana. Baadaye watu walijifunza kutoruka. Unaumwa, unauma meno, unajaza mtungi wako, unaondoka na uso mkavu kama uliyeshiba.

Mimi liliniuma mara sita. Mwenyekiti wa akina mama! Nikanyamaza. Tena niseme ukweli wote: kila Mutindi aliporuka, mimi ndiye niliyeguna kwa sauti.

Jambo moja tu lilikuwa linatusumbua. Esha, mke wa Othman mwenye duka, hakuumwa hata siku moja. Alikuja na patipati zake za mpira, akafungua bomba, akajaza maji huku akitusalimia. Waumini wa kanisa tunaumwa, na Mwislamu peke yake anashika bomba kama mwiko wa jikoni kwake! Wengine walianza kusema maneno ambayo sitayarudia. Esha aliyasikia yote. Siku moja, mwanzo wa mwezi wa tisa, alimwona Nzomo akipita barabarani na ngazi yake begani, akamsimamisha mbele ya duka.

"Fundi," alimwambia, "hawa wanawake wenzangu wanaruka kwa bomba na hawataki kusema. Wewe enda uangalie. Mimi naogopa kuitwa mchawi."

Nzomo aliacha ngazi pale pale. Alikuja mbio, na sijawahi kumwona akikimbia kabla au baada ya siku hiyo. Hakusalimu mtu. Alitupigia kelele tuachane na bomba, akafungua fimbo ndefu ya mbao iliyofungwa kwenye nguzo, akazishusha fyuzi za juu ya transfoma moja moja, kisha akafunga mlango wa kibanda cha pampu kwa kufuli lake mwenyewe. Maji yalikatika katikati ya mtungi wa mtu. Alipoinama chini ya nguzo ya transfoma, alikuta ule waya unaoshuka ardhini haupo. Ulikuwa umekatwa juu ya kimo cha mtu na chini usawa wa ardhi, na mahali pake mtu amefunga kamba ya katani iliyopakwa udongo mwekundu, ili ukipita usione pengo. Mwezi wa tano alikuwa ameupima mwenyewe na namba tisa ilikuwa imeandikwa pale juu kwa rangi nyeupe.

"Hakuna maji mpaka huu waya urudi," alisema. Akaketi chini, mgongo kwenye mlango wa kibanda.

Sasa wewe niambie. Wanawake thelathini, mitungi mitupu, jua la Septemba, watoto nyumbani, na mtu mmoja ameketi juu ya maji yenu. Nilimwendea.

"Bwana Nzomo, fungua."

"Sifungui, Mama Kiema."

"Unataka watoto wetu wakufe na kiu?"

"Kiu inakupatia siku mbili ya kutafuta maji. Hii haikupatii hata nafasi ya kuita mama yako."

"Nani amekufa? Tuonyeshe huyo mwenye amekufa!"

Hapo alinitazama miguuni. Akatazama miguu ya Mutindi, na ya wengine wote. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia. "Nani ameumwa?"

Akauliza tena, na wote tukatazama pembeni, Mutindi akiwa wa kwanza, mkono juu ya tumbo. Esha peke yake, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema, "Mimi haliniumi, fundi. Lakini hao wengine nimewahesabu."

"Wewe halikuumi juu ya hizo patipati," Nzomo alisema. "Mpira haupitishi stima. Hawa wako miguu mitupu, na hapo chini ni matope ya maji yenye yanamwagika. Pampu ni mzee, waya yake moja ndani imechubuka. Stima inatoka hapo, inapanda bomba, inatafuta udongo. Ilikuwa na njia yake, mtu akaikata. Sasa inapitia kwa huyu, na huyu, na huyu. Leo inauma. Siku waya ikichubuka zaidi, ama mtu ashike bomba akiwa na jasho, itashika na haitaachilia."

Wiki nne tulikuwa tumempima Mutindi kwa dhambi, na kumbe alichokosa ni viatu. Sikujua nilikasirikia nani zaidi, mimi au bomba. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi limeniuma mara sita!" Mama mmoja akacheka, nikamgeukia na kumwambia kwamba yeye nilimwona mwenyewe akiuma meno Jumanne. Wakaanza kujitaja mmoja mmoja. Wanane. Kumi na moja. Kumi na saba.

Lakini maji hayakurudi kwa kuungama. Nzomo alituma ujumbe mjini aletewe waya na fimbo mpya za chuma. Jibu lililorudi alasiri ile lililetwa na chifu, limeandikwa na kupigwa muhuri. Meneja alikuwa amepata malalamiko kwamba fundi amekatia watu maji wakati wa njaa. Mwenye stoo hayupo, waya utakuja wiki ijayo. Kwa sasa, washa.

Nzomo alisoma barua yote, akaikunja vizuri na kumrudishia chifu.

"Hii ni karatasi," alisema. "Mimi nimeitisha waya."

"Nzomo, hiyo ni oda ya mkubwa wako," chifu akasema. "Utapoteza kazi."

"Nitaipoteza nikiwa nimeketi hapa."

Chifu alitaka kuita askari wavunje kufuli. Nzomo akamwambia wavunje, ila yeye chifu avue viatu awe wa kwanza kushika bomba. Chifu alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa. Alivitazama, akatutazama sisi, akasema ana mkutano mahali pengine.

Kabla hatujatawanyika, Nzomo alinionyesha ile ncha ya waya iliyobaki juu ya nguzo. Ilikuwa imekatwa kwa tindo, mkato mmoja safi, na mwisho wake umegongwa kidogo ukawa bapa, kama mtu anayejaribu kuona chuma ni laini kiasi gani. Mkono ule niliujua. Ulikuwa unanishika nikiwa na homa.

Mume wangu Mulei alikuwa mchonga vigoda. Vile vigoda vya miguu mitatu vya wazee, ambavyo juu yake unagongelea waya mwembamba kuzunguka na kuzunguka mpaka ung'ae. Mwaka ule wazee hawakuwa wakinunua vigoda, lakini wageni waliosimama Mtito Andei wakienda mbugani walivinunua, na hivyo ndivyo tulivyopata kitu cha kuweka chunguni. Zamani waya wake ulikuwa wa manjano. Mwezi wa nane waya ulikuwa mwekundu, wa shaba kama ule wa nguzo. Aliniambia ameupata kwa dereva wa lori, nami sikuuliza mara ya pili, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kigoda mapajani, nyundo mkononi.

"Mulei, huo waya ni wa stima."

Hakukana. Hata hakuona aibu, na hilo lilinichoma zaidi. "Huo haukuwa na stima," alisema. "Niliujaribu kwa kidole siku mbili, asubuhi na jioni, nikaugusa polepole, nikaugusa kabisa. Hauna kitu. Stima iko juu kwa zile zingine. Huu unaenda kwa mchanga tu. Mchanga unafanyia stima nini?"

Mtu mwerevu, mwenye mikono ya dhahabu, aliwaza vizuri hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye upumbavu. Nilimweleza kuhusu pampu na matope. Nilimweleza kuhusu mara sita. Alishusha nyundo. Akaniuliza mbona sikumwambia kwamba ninaumwa.

"Kesho unakuja kwa nguzo," nilimwambia. "Ukikataa nitakwenda na hivyo vigoda kichwani mwangu, vyote, nipite navyo katikati ya soko."

Alikuja. Asubuhi ile watu walikuwa wengi kuliko jana, na hasira ilikuwa imelala njaa ikaamka kubwa. Nilisimama mbele yao nikasema waya ulikatwa na mume wangu na fedha yake nimeila, na anayetaka kutusi aanze na mimi. Wakaanza na mimi. Walitusi vizuri, wengine hata waliimba. Chifu, ambaye mkutano wake ulikuwa umekwisha, akasema Mulei apelekwe kituoni mara moja.

"Mkimpeleka, nani atachimba?" Nzomo aliuliza. "Nahitaji mashimo matatu, marefu kuliko mtu, kwa ardhi kama hii. Mpatieni sururu. Mkimaliza na yeye hapo, mmtafutie kesi."

Mulei alichimba siku nzima. Ardhi ilikuwa ngumu hata sururu ilitoa cheche. Vijana wawili wa duka la Othman walimsaidia, na Othman mwenyewe aliazima lori la rafiki yake na kwenda na Nzomo mjini. Sijui Nzomo alisema nini huko stoo. Najua tu kwamba walirudi na fimbo tatu na bunda la waya, na kwamba mwenye stoo, ambaye hayupo, alikuwa amepatikana.

Siku ya tatu Nzomo alishusha fimbo zake na kuziunganisha, akajaza unga wa makaa na chumvi kuzunguka kila moja. Watu walipoona makaa na chumvi vikizikwa walianza kunong'ona, nami niliwaambia wafunge midomo, tumeshamaliza zamu ya uchawi. Alirekebisha na ule waya uliochubuka kwenye pampu. Kisha akazungusha kisanduku chake.

"Sitini," alisema. Akapangusa uso. "Bado ni kubwa. Udongo umekauka sana. Nahitaji maji, mitungi kumi."

Hakuna aliyeamini amesikia sawasawa. Mtu ametunyima maji siku tatu, watu wametembea saa nne kwenda kuchimba mtoni na kurudi na nusu mtungi wa tope, na sasa anataka mitungi kumi ili aimwage chini! Mama mmoja aliokota jiwe. Nzomo alimwona, na hakusogea.

"Sitawasha kwa sitini," alisema. "Pigeni. Nikifa, ufunguo uko kwa mfuko wa shati, na namba itakuwa bado ni sitini."

Nyumbani nilikuwa na mtungi mmoja uliojaa. Nilikuwa nimeuficha chini ya kitanda, na mchana ule wote nilikuwa nikiuwaza kama mtu anavyowaza mtoto mchanga aliyemwacha peke yake. Nilikwenda nikaubeba. Kiema, mwanangu wa mwisho, aliniona nikiutoa akafikiri napika. Nilirudi nao kichwani, watu wakanipisha, nikauinamisha juu ya shimo la kwanza na kuumwaga wote. Ardhi iliyanywa bila kuacha hata unyevu wa kuonekana. Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira, nikawageukia wenzangu nikawauliza wanangoja nini.

Mutindi ndiye aliyefuata. Kisha Esha akaleta miwili. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakilaani, wakimlaani Nzomo na Mulei na mimi na aliyegundua stima, lakini wakimwaga. Mtungi wa tisa ulipoingia Nzomo alizungusha tena kisanduku, akasema kumi na mbili. Wa kumi na moja, akasema nane.

Alichukua brashi, akaandika nane na tarehe juu ya nguzo. Akapandisha fyuzi kwa fimbo yake, akafungua kufuli, akawasha. Halafu alivua viatu na soksi, akasimama kwenye tope letu kwa miguu mitupu na kulishika bomba kwa mikono miwili. Alibaki hapo akitutazama, bila kucheka. Maji yakaja. Mulei aliiacha sururu, akaketi chini na kuficha uso. Kesi hakufanyiwa, chifu aliangalia ule umati wa wanawake wenye matope, akaona ni afadhali aendelee na mikutano yake.

Aliyefanyiwa kesi ni Nzomo. Alikuwa amekataa oda iliyoandikwa. Aliitwa ofisini mjini akaambiwa aandike barua ya kuomba msamaha, mistari miwili tu, na mambo yataisha. Aliandika, "Nilizima kwa sababu waya wa ardhi haukuwepo. Nikiukosa tena nitazima tena." Wakamrudishia aandike upya. Akaandika maneno yale yale, kwa mwandiko mzuri zaidi. Mara ya tatu walimpa karatasi nyingine na karani wa kumwonyesha, naye akasema hahitaji karatasi nyingine, ile ya kwanza haijachakaa.

Tulikwenda, wanawake kumi na mmoja, tukaketi kwenye ngazi za ofisi mpaka meneja akatoka. Alitusikiliza. Alisema anashukuru kwamba tuko hai, lakini mfanyakazi ni lazima afuate utaratibu. Nilimuuliza ni utaratibu gani unaotaka mtu afe kwanza. Akatuambia kwa upole tupishe mlango.

Wakamshusha. Mtu wa miaka kumi na minane kazini alirudishwa kuchimba mashimo ya nguzo, pamoja na vijana wa umri wa watoto wake. Akachimba. Miaka saba alichimba, mgongo ukapinda, na hakuandika barua yoyote. Laini yetu ilipewa fundi mwingine, kijana mwenye adabu, aliyekuwa akizipita nguzo akiwa ndani ya gari. Basi namba kwenye nguzo ya transfoma tuliiangalia sisi wenyewe, na kila kiangazi tulimwagia pale maji ya kuoshea vyombo, kwa zamu. Zamu nilikuwa nazipanga mimi.

Mwaka wa 1991 walikuja kupeleka laini mbele ya soko letu, na wachimbaji wakapiga kambi karibu na kwangu. Niliwapikia. Nzomo alikuwa kati yao, mvi kichwa kizima. Mchana mmoja, wakiwa wanakula muthokoi wangu wa mahindi na maharage, karani alifika na Landrova akiwa na rundo la karatasi za kutiwa sahihi na kila mfanyakazi. Alizisoma kwa sauti. Kuanzia leo, mfanyakazi yeyote akikuta waya wa ardhi haupo au umekatika, azime mara moja bila kungoja ruhusa ya mtu, na asiwashe mpaka apime. Atie sahihi kwamba ameelewa.

Vijana walitia sahihi huku wakitafuna. Nzomo aliuliza kumetokea nini.

Karani alisema kuna mahali, mbali na huku, bomba lilikuwa linauma. Fundi aliomba ruhusa ya kuzima, akaambiwa angoje kesho, akangoja. Mama na binti yake walikufa asubuhi hiyo, mmoja akimvuta mwenzake.

"Wanaitwa nani?" Nzomo aliuliza.

Karani alipekua karatasi zake. Majina hayakuwamo.

Nzomo aliweka sahani chini, akapangusa mikono kwenye suruali na kuichukua kalamu. Alitia sahihi polepole. Kisha kwenye nafasi ya tarehe akaandika, *Septemba 1984*.

"Mzee, umekosea," karani akasema. "Leo ni Juni, mwaka wa tisini na moja."

"Tarehe yenu ndiyo imekosea," Nzomo alimjibu. "Peleka hivyo hivyo. Waambie hii karatasi ingetoka siku hiyo, yule mama angekuwa ameketi mahali sasa hivi na binti yake, wanakula."

Karani alimtazama, akanitazama mimi, akasubiri aone kama atabadilisha. Hakubadilisha.